Mstari wa Kumi na Tisa

1

Alhamisi, saa nane mchana, mashine ya Ulizo ilitoa jibu la Bupe na Ambokile. Jibu lilikuwa neno moja: NDUGU.

Subilaga, aliyekuwa akiiendesha mashine, alikata utepe wa karatasi, akaukunja mara mbili kama taratibu zilivyotaka, kisha akasimama nao pale pale. Siku nyingine angeutupia mezani kwa msomaji huku anaendelea na umbea wake wa mjini. Siku hiyo hakuweza, maana msomaji wa ofisi alikuwa Sekela, na Bupe ni mwanawe Sekela, tena wa pekee.

"Dada Sekela, kaa kwanza."

"Si nimekaa?"

"Basi usisimame."

Sekela alifungua utepe, akalisoma lile neno, akaukunja tena. Hakulia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amesoma majibu zaidi ya elfu sita mlangoni pa Ofisi ya Mhuri, mji wa Itekelo. Neno hilo alikuwa amelitamka mara kumi tu, lakini alijua linavyokwenda. Mama wa bwana harusi hukaa chini. Vijana wenyewe huachiana mikono haraka kama walioshika sufuria ya moto. Halafu watu hutawanyika kimya kimya, na wapishi huulizana pembeni ndizi zote zile zitaliwa na nani.

"Jumamosi saa tatu," alisema. "Nisome mimi mwenyewe?"

"Kanuni inasema msomaji ndiye anayesoma," Subilaga alijibu kwa sauti ya chini. "Haisemi kama msomaji ana roho."

Mgeni wa Itekelo hawezi kuelewa uzito wa neno lile bila kuijua Homa. Homa ilikaa mlimani miaka miwili, ikaondoka na watu ovyo ovyo, mtaa huu nyumba saba, mtaa ule thelathini. Ilipokwisha walibaki watoto elfu moja na mia tisa wasio na mtu, wote chini ya miaka mitatu. Mji ukafanya jambo ambalo wenyewe wanajivunia mpaka leo. Uliwagawa watoto kwenye nyumba, ukahamisha familia kutoka mtaa hadi mtaa ili majirani wasijuane, ukachoma madaftari yote ya vizazi kwenye uwanja wa mpira, na ukapitisha sheria kwamba Itekelo hakuna mtoto wa kupewa. Wote wamezaliwa. Kuuliza ni kosa. Kujibu ni kosa kubwa zaidi.

Lakini damu nayo ina mambo yake. Watoto wale wangekua, wangependana, na kaka angeweza kumwoa dada yake bila kujua. Ndiyo maana kabla madaftari hayajachomwa kila mtoto wa rika lile, aliyepewa na aliyezaliwa nyumbani, alipigiwa mhuri. Namba ya siri ya wazazi wake ilikorogwa na Namba Kuu, namba ndefu ambayo mji uliitumia kufungia siri zake tangu kabla ya Homa, ikatoka tarakimu mia tatu na nane ambazo hakuna binadamu angeweza kuzirudisha zilikotoka.

Wawili wakitaka kuoana hufanyiwa Ulizo: mashine huchukua mhuri wa huyu ikautoa kwenye mhuri wa yule, kisha huitafutia tofauti hiyo kinyume chake: namba ambayo ukiizidisha na ile tofauti, ukatoa Namba Kuu mara zote inapotoka, inabaki moja kamili. Namba Kuu ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na mbele ya namba tasa kila tofauti ina kinyume chake isipokuwa sifuri. Kwa hiyo tofauti ikikosa kinyume, ni sifuri. Ikiwa sifuri, mihuri ni sawa. Mihuri ikiwa sawa, wazazi ni wale wale. Mashine haikuhitaji kujua wazazi ni akina nani, na watu waliipenda kwa sababu hiyo.

Sehemu ya chini ya utepe hakuna aliyekuwa akiisoma. Huko mashine huandika hesabu zake, na mwisho kabisa huandika kigawo kikubwa kuliko vyote ambacho tofauti na Namba Kuu zinachangia. Kwa wasio ndugu ni 1. Kwa ndugu ni Namba Kuu yenyewe, mistari mitatu mizima. Sekela alikunjua utepe mpaka mwisho, si kwa utaalamu wowote, ni kwa umama tu. Mtu akipata barua mbaya huigeuza na upande wa pili.

Mwisho wa utepe palikuwa na tarakimu tano peke yake: 12289.

Alizitazama. Akapandisha macho kwenye mstari wa tofauti. Haikuwa sifuri. Ilikuwa namba ndefu, imejaa tarakimu za kila aina.

"Subilaga, nenda kale," alisema. "Nitafunga mimi."

Alipobaki peke yake alivuta karatasi, akachonga penseli, akaanza kugawa Namba Kuu kwa 12,289, kwa mkono, kama mtoto wa darasa la nne. Kuigawa Namba Kuu kulikatazwa kisheria, na hata bila sheria hakuna ambaye angejaribu. Ingekuwa kama kumkagua mkwe wako meno. Alijaza karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jua lilikuwa bado juu ya mlima alipoteremsha tarakimu ya mwisho. Akatoa. Baki ilikuwa sifuri.

Alirudia kutoka mwanzo, sifuri ikatoka tena. Mungu wangu, alisema kwa sauti ndani ya chumba kitupu, Mungu wangu, mwanangu anaolewa. Furaha ile ilidumu kama muda wa kukunja karatasi. Halafu akaelewa ameshika nini.

2

Ijumaa asubuhi aliutungua mkeka ukutani.

Mkeka ule ulikuwa ukitazamwa na kila mgeni wa ofisi. Wakati wa Homa umeme ulikatika na mitambo ikafa, na wazee wakaona Namba Kuu isije ikapotea, wakampa mfumaji aifume. Alitumia ukindu mweusi, mweupe na mwekundu: nyuzi nne nyeusi ni nne, nyuzi nane ni nane, uzi mwekundu ni sifuri. Tarakimu kumi kila mstari, mistari thelathini, na tarakimu nane ukingoni. Mwisho wa kila mstari mfumaji huongeza uzi mmoja mweusi wa kufungia pindo, usifumuke. Uzi huo hauhesabiwi. Hilo kila mfumaji wa Itekelo analijua, na karani aliyekuja kuingiza namba kwenye mashine mpya aliambiwa mara mbili.

Karani huyo alikuwa Sekela mwenyewe, wakati huo ana miaka ishirini na mitatu.

Aliutandaza mkeka sakafuni, akapiga magoti, akahesabu kwa kidole huku analinganisha na namba ya mashine. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Alifika wa kumi na tisa, tarakimu ya mwisho. Kwenye mkeka nyuzi tano na uzi wa kufungia. Kwenye mashine, sita.

Hakuhitaji kujiuliza ilikuwaje. Siku ile, akiwa hapo hapo kwenye mstari wa kumi na tisa, mlango ulifunguliwa akaingia mama mmoja wa kamati ya kugawa watoto na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Wiki tatu kabla yake Sekela alikuwa amemzika mtoto wake, na maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Walimpa lile blanketi. Akakaa nalo saa nzima, analitazama tu. Kisha akarudi kwenye mkeka, mtoto mapajani, akaanza kuhesabu ule mstari kutokea pindoni.

Alipopanda ghorofani kwa Mwalimu Kyando alikuwa bado na vumbi la sakafu magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Bupe. Nimesikia habari ya jana. Pole sana."

"Pole yako naomba uiweke kwanza." Akamwekea mezani utepe na karatasi zake za kugawa.

Mwalimu Kyando, mkuu wa ofisi, alikuwa mzee wa miaka sabini na minne aliyefundisha hesabu kabla ya Homa. Alisoma polepole. Alipofika kwenye sifuri ya mwisho alivua miwani.

"Haiwezekani. Tuliipitisha mbele ya mashahidi arobaini. Namba arobaini tuliziokota bila mpangilio, tukaipima kwa kila moja. Namba ya uongo shahidi mmoja tu anatosha kuiumbua, hata kama hajui inagawanyika kwa ngapi. Arobaini wote walisema ni tasa."

"Mashahidi mliwaita kabla ya Homa, mwalimu. Namba waliyoiona ni hii ya kwenye mkeka. Iliyo ndani ya mashine hawajawahi kuiona hata siku moja. Niliikosea mimi, tarakimu moja."

"Na hatukuipima tena."

"Ungekubali nipime? Ningeambiwa nawaita marehemu walioipitisha waongo."

Mzee alicheka kidogo, bila furaha. Akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi.

"Sekela, unajua hii 12,289 inafanya nini?"

"Najua. Ukiichukua hiyo peke yake, mhuri hauna nguvu. Karani yeyote mwenye kikokotoo atatoboa mhuri wa mtu kwa siku mbili. Hatapata siri yote, atapata kipande. Lakini kipande kinatosha kusema nani wa nani."

"Na huwezi kupiga mhuri upya."

"Madaftari tuliyachoma."

"Tuliyachoma tukicheza ngoma," alisema Mwalimu Kyando. "Sasa nisikilize. Kesho simama mlangoni usome 'si ndugu.' Ni kweli, si ndugu. Hutakuwa umedanganya mtu. Binti yako ataolewa, utepe huu tutautia jikoni, na watu elfu moja na mia tisa wataendelea kuwa na mama zao wale wale. Namba mbovu iliyonyamaza haimdhuru yeyote. Ukifungua mdomo, Jumatatu kila mwenye kikokotoo atakuwa anagawa. Itatokea nini kwenye nyumba hizi? Unataka Bupe naye ajue?"

Hilo la mwisho lilimwingia Sekela mpaka ndani. Miaka ishirini na minane alikuwa ameishi kwa hofu moja tu, na hofu yenyewe haikuwa sheria. Alimpenda Bupe kupita kiasi na hakutaka siku hata moja mtoto amtazame usoni akitafuta kufanana.

"Nitasoma 'si ndugu,'" alisema.

"Vizuri, mama. Nenda kapumzike."

Na tusimcheke. Aliyekaa pale akisikia anapewa binti yake, harusi yake na amani ya mji kwa maneno mawili ya kweli, naye akakataa papo hapo, huyo hajazaliwa.

3

Kilichomharibia ni uaminifu wa kazi. Kabla ya kuutia utepe jikoni, alitaka kuhakikisha kosa halijawahi kutokea kabla. Mchana ule alifungua kabati la majibu, akatoa tepe kumi za NDUGU alizowahi kusoma, akazikunjua moja moja mpaka mwisho. Tisa ziliishia na ile namba ndefu, mistari mitatu. Ya kumi iliishia na 12289.

Ilikuwa ya miaka minane iliyopita. Majina yaliandikwa juu kwa wino wa bluu: Gwamaka, wa mtaa wa Kiwandani. Subilaga, wa mtaa wa Juu.

Subilaga wakati ule alikuwa hajaajiriwa. Alikuja kuomba kazi mwaka mmoja baada ya jibu lake, akasema anataka kuijua mashine. Wote walidhani ana uchungu, utapita. Sasa alikuwa ndani, anaosha vikombe na anaimba wimbo wa kwaya.

Sekela angeweza kuukunja ule utepe. Aliukunja kweli, akaurudisha kabatini, akafunga kabati, akasimama na ufunguo mkononi. Kisha akafungua tena.

"Subilaga. Njoo mdogo wangu, keti."

"Leo zamu yangu kukalishwa?" Alikuja anafuta mikono kwenye kitenge.

"Jibu lako na Gwamaka. Tofauti yenu haikuwa sifuri."

Kwa mtu mwingine yangehitajika maelezo ya saa nzima. Subilaga aliiendesha mashine miaka saba. Alichukua utepe, akaenda moja kwa moja mwisho, akasoma, akauweka chini.

"Haigawanyiki," alisema.

"Inagawanyika."

"Nani aliingiza namba?"

"Mimi."

Subilaga alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikiliza bei sokoni. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Ana watoto watatu sasa," alisema hatimaye. "Kila Krismasi huja na yule mkubwa, humwambia, 'Mwamkie shangazi.' Nami naitika. Dada Sekela, miaka miwili nilikuwa nalia nikijifunza kumpenda kama kaka. Usiku na mchana. Nikaweza! Sikuwa na ndugu duniani, nikapata mmoja. Sasa leo umenichukulia na huyo."

"Nisamehe."

"Nisikusamehe nifanyeje?" Akainama, akalia kwa hasira, bila kujificha. Sekela hakumgusa. Hakujiona ana haki ya kumgusa.

Alipomaliza alijipangusa kwa upindo wa kitenge. "Kesho utasoma nini?"

"Sijui."

"Unajua. Ungekuwa hujui usingeniita."

4

Jumamosi saa tatu ukungu ulikuwa umeinuka. Mbele ya ofisi walikuwepo watu kama mia mbili, maana Bupe alikuwa mwalimu wa chekechea na Ambokile fundi wa mitambo ya maji, na watu wa namna hiyo hawana maadui. Wapishi walikuwa wameshawasha mioto upande wa pili wa barabara. Mwalimu Kyando alisimama dirishani ghorofani. Bupe alimwona mama yake anatoka na utepe mkono mmoja na mkeka umekunjwa kwapani, akatabasamu kwa mshangao, kwa sababu mkeka ule haukuwahi kutoka ndani.

"Utepe unasema ndugu," alisoma Sekela.

Mama yake Ambokile alikaa chini. Ambokile aliuachia mkono wa Bupe. Yote kama siku zote.

"Nyanyuka, mama mwenzangu. Sijamaliza. Utepe umekosea. Hawa si ndugu."

Akaeleza. Hakuwa msemaji mzuri; alieleza kama anavyosoma, neno baada ya neno. Namba Kuu ya mkekani ni tasa, ya mashine siyo. Tarakimu moja, mstari wa kumi na tisa. Aliyekosea ni yeye. Inagawanyika, na aliye na kigawo chake anaweza kufungua mhuri wowote. Kigawo hakitaji, lakini hatadanganya kwamba kimejificha sana. Atakayekitafuta atakipata kabla ya chakula cha mchana. Mihuri bado iko ndani. Mji wenyewe uamue kama itabaki au itachomwa, na ikichomwa, Ulizo limekufa nayo.

Kisha baba mmoja, mwenye mtoto mabegani, akapaza sauti: "Unasema hivyo ili mwanao aolewe!"

"Kweli kabisa!" akaitika mwingine. "Kumi umewasomea, hukuona kosa. Leo ni wako, umeliona!"

Makelele yakapanda. Walichosema hakikuwa uongo. Ushahidi wa Sekela ulikuwa tarakimu tano, na tarakimu zile zile ndizo ufunguo; angezitamka wangemwamini, na wangekuwa wameshafungua nyumba elfu moja na mia tisa.

Subilaga alitoka ndani akasimama kizingitini, bega kwa bega naye.

"Mashine niliiendesha mimi," alisema. "Wengi mnanijua. Miaka minane iliyopita nilisimama hapo alipo Bupe, nikaambiwa Gwamaka ni kaka yangu. Jana nimeuona utepe wangu. Haukuwa kweli. Sina mtoto wa kuozesha na sipati chochote kwa kusema haya. Afadhali ningenyamaza, ningebaki na kaka." Akamwonyesha Sekela kwa kidevu. "Mwacheni amalize."

Yule baba alimteremsha mtoto mabegani, akamtazama usoni, akamshika mkono.

Bupe alikuwa amesogea mpaka chini ya ngazi. Ambokile alimfuata, akaupata tena mkono wake. Bupe alikuwa anatazama mkeka, si mama yake.

"Mama," aliuliza, na swali lenyewe lilikuwa kosa kisheria, na watu wote walilisikia. "Na mimi nimo?"

Ghorofani Mwalimu Kyando aliondoka dirishani.

"Umo," alisema Sekela. "Walikuleta nikiwa kwenye huo mstari. Nikakutazama wewe, nikasahau kuhesabu."

Bupe alipanda ngazi moja, halafu ya pili. Kweli alimtazama mama yake usoni, muda mrefu, kama Sekela alivyoogopa miaka yote. Mkeka ulikuwa umeanza kuteleza chini ya kwapa. Bupe akaushika pembeni, akaukunja vizuri, akamrudishia.

"Endelea kusoma, mama," alisema. "Watu wanasubiri."